MGENI WA KAZI NA JUA KALI



Wazee husema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo ni njema, nayo imewafunza watu wengi wasikae bure ugenini. Lakini iko kazi moja ambayo haina budi kutumiwa kwa uangalifu, nayo ni kazi ya nguvu mahali penye joto kali. Huko mgeni hapewi hata hizo siku mbili. Hufika jioni, huandikwa asubuhi, na kabla jua halijapanda jembe, panga au sepetu liko mkononi mwake. Na huko ndiko watu huanguka.

Chukua mfano wa kijana aliyekulia Nyandarua, mahali ambapo watu huota moto asubuhi, ambaye amepata kibarua cha kukata miwa huko Kwale. Ni kijana mwenye afya na nguvu. Siku ya kwanza anapewa ngwe sawasawa na wakataji waliofanya kazi hiyo miaka mingi. Hataki kuchekwa; tena analipwa kwa kadiri ya kazi anayoimaliza; kwa hiyo hasimami kunywa maji. Ifikapo saa tano kichwa kinamuuma. Saa sita anayumba na kusema maneno yasiyoeleweka. Mnyapara anadhani amelewa, na wenzake wanacheka. Nusu saa baadaye amelala chini kati ya miwa, mwili wake una moto kama sufuria, na hakuna anayecheka tena.

Kijana huyo ni wa mfano tu, lakini jambo lenyewe ni la kweli. Idara ya usalama wa kazi ya Marekani, iliyochunguza vifo vya wafanyakazi vilivyoletwa na joto, imeeleza ya kuwa karibu nusu ya watu hao hufa siku yao ya kwanza kazini, na zaidi ya saba katika kila kumi hufa kabla ya wiki ya kwanza kwisha. Wengi wao ni watu wenye nguvu zao. Kosa lao moja ni kuwa ni wageni, na hakuna aliyewapokea kama wageni.

JINSI MWILI UNAVYOJIPOZA

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kwanza kujua mwili unavyofanya kazi. Joto la mwili wa mtu mzima mwenye afya ni karibu digrii 37 za sentigredi. Mtu anapolima, anapobeba magunia au anapochimba, misuli yake hutoa joto jingi, kama vile injini ya gari inavyopata moto inapopanda mlima. Gari lina rejeta ya kupoza injini. Mtu ana ngozi na jasho. Damu hulichukua joto kutoka ndani na kulileta kwenye ngozi. Jasho likikauka juu ya ngozi, huondoka pamoja na joto hilo.

Ikumbukwe ya kuwa jasho hupoza linapokauka, si linapotiririka. Ndiyo sababu Mombasa huchosha kuliko mahali pengine ambapo kipimo cha kawaida cha joto huonyesha digrii zile zile. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na jasho hudondoka chini bila kukauka. Huko Magadi, katika Bonde la Ufa, mambo ni kinyume: hewa ni kavu, jasho hukauka upesi hata mtu asijue ni maji mengi kiasi gani yaliyomtoka. Wa Mombasa hulowa na wa Magadi hukauka, lakini wote wawili wamo hatarini.

Kwa sababu hiyo, kipimajoto cha ukutani hakitoshi. Katika miaka ya 1950 wanajeshi wa Marekani waliokuwa wakifundishwa katika kambi ya Parris Island walianguka kwa joto mara nyingi, na wataalamu wakatengeneza kipimo chenye vipimajoto vitatu pamoja. Kimoja ni cha kawaida. Cha pili kimefungwa kitambaa kilicholowa maji, ili kionyeshe unyevu wa hewa. Cha tatu kimo ndani ya tufe jeusi, ili kionyeshe ukali wa jua. Hesabu ya vyote vitatu, pamoja na upepo unaovipiga, ndiyo huonyesha taabu ambayo mwili utaipata. Kipimo hicho kinatumika mpaka leo katika viwanda, migodi na majeshi ya nchi nyingi.

MWILI HUJIFUNZA, LAKINI HUJIFUNZA POLEPOLE

Sasa habari njema ni hii: mwili wa binadamu huweza kulizoea joto. Mtu akifanya kazi penye joto kila siku, kidogo kidogo, kwa muda wa siku saba hata kumi na nne, mwili wake hubadilika. Jasho huanza kutoka mapema zaidi na kwa wingi zaidi. Chumvi inayopotea katika jasho hupungua. Damu huongezeka maji, na moyo hufanya kazi ile ile kwa mapigo machache. Mtu yule yule ambaye siku ya kwanza angeanguka, baada ya wiki mbili aweza kufanya kazi yake kwa amani, maadamu anapata maji na kupumzika.

Watu wengi hufikiri ya kuwa Mwafrika, kwa kuwa amezaliwa katika nchi ya jua, hahitaji mazoea hayo. Fikira hiyo ni ya hatari. Mazoea ya joto hayarithiwi kama jina la ukoo. Huja kwa kazi na huondoka kwa kukaa mbali. Mtu wa Limuru au Molo akishuka pwani ni mgeni wa joto. Hata mwenyeji wa Malindi, aliyefanya kazi mwaka mzima katika mashamba ya chumvi, akienda likizo au akiugua malaria, mazoea yake huanza kupungua baada ya wiki moja hivi, na baada ya mwezi hubaki kama mgeni. Akirudi, apokewe kama mgeni.

Jambo hili lilijulikana zamani kwa msiba. Katika miaka ya 1920 migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, ilikuwa imechimbwa chini sana, mahali ambapo mawe yenyewe ni ya moto na hewa imejaa unyevu. Wachimbaji kutoka Lesotho, Msumbiji na kwingineko walianza kufa kwa joto. Ndipo wenye migodi wakaona ya kuwa mtu mpya asiingizwe kazi nzima mara moja. Wakaanza kuwazoesha wageni kwa kazi nyepesi siku za kwanza, wakiongeza kidogo kidogo. Baadaye vilijengwa vyumba maalum vya joto juu ya ardhi, ambamo wafanyakazi walizoeshwa kwa kupanda na kushuka ngazi kabla ya kuteremshwa chini. Vifo vikapungua sana. Basi elimu hii si ngeni, nayo ilinunuliwa kwa maisha ya Waafrika. Ingekuwa aibu kuisahau.

NGWE MOJA, MBILI, TATU

Mwenye shamba au mnyapara atauliza: Mtu mpya afanye kazi kiasi gani? Wataalamu wametoa kanuni rahisi. Ikiwa kazi ya siku ya mtu aliyezoea ni ngwe tano, mgeni apewe ngwe moja siku ya kwanza, mbili siku ya pili, tatu siku ya tatu, nne siku ya nne, na siku ya tano apewe zote tano. Kama kazi si ya ngwe, hesabu iwe ya saa: mgeni akae katika joto sehemu ya tano ya siku ya kazi, kisha aongezwe kila siku, na saa zilizobaki afanye kazi nyepesi kivulini. Yule aliyeizoea kazi hapo kwanza, akirudi kutoka likizo au ugonjwa, aanze na nusu ya kazi. Siku ya pili afanye sehemu sita katika kumi, siku ya tatu nane, na siku ya nne yote.

Tena mgeni asifanye kazi peke yake. Awe na mwenzake aliyezoea, wa kumtazama. Mtu anayeshikwa na joto mara nyingi hajui ya kuwa ameshikwa, kwa sababu akili ndiyo huanza kuchafuka. Jicho la mwenzake litaona mapema.

MAJI, KIVULI NA KUPUMZIKA

Baada ya kumpokea mgeni, yapo mambo matatu ambayo kila mfanyakazi, mgeni na mwenyeji, hana budi kuyapata.

La kwanza ni maji. Mtu anayefanya kazi ya nguvu penye joto anywe kikombe kimoja kila baada ya dakika ishirini hivi, kabla hajaona kiu. Akingoja kiu amekwisha chelewa. Lakini asinywe kupita kiasi: zaidi ya lita moja na nusu kwa saa moja haifai, kwa maana maji mengi mno hupunguza chumvi ya damu. Chakula cha kawaida chenye chumvi hutosha watu wengi. Hakuna haja ya kumeza vidonge vya chumvi. Pombe haipozi mwili, bali huukausha. Mkojo ukiwa na rangi ya chai, ni dalili ya kuwa maji ni haba. Na maji hayo yawe safi, yawe karibu. Pipa lililo mwendo wa robo saa ni kama halipo.

La pili ni kivuli. Kama hakuna mti, turubai na miti minne vyatosha kwa wafanyakazi wengi. Mafundi wetu wa Kamukunji na Gikomba huitwa jua kali kwa sababu wengi walianza kazi zao chini ya jua lisilo na paa. Jina hilo ni la heshima, lakini paa lingeongeza heshima hiyo. Nao wanaofanya kazi ndani, katika jiko la hoteli, tanuri ya mikate au chumba cha kukaushia majani ya chai, wasidhani ya kuwa paa limewaokoa. Kwao joto hutoka motoni, na dawa yake ni madirisha, feni na kupokezana zamu.

La tatu ni kupumzika, na hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu linagusa mshahara. Kibarua anayelipwa kwa ngwe au kwa tani anajua ya kuwa dakika kumi za kukaa chini ni senti zilizopotea. Mwajiri naye anaogopa ya kuwa kazi itachelewa. Hivyo kila mmoja anashindana na jua, na jua halichoki.

Yafaa basi kusikia habari za El Salvador, nchi ya Amerika ya Kati yenye mashamba makubwa ya miwa. Tangu mwaka 2002 madaktari wa huko walikuwa wakiandika habari za vijana wakataji miwa waliokuwa wakifa kwa ugonjwa wa figo, bila kisukari wala ugonjwa mwingine wa kuuelezea. Wengi wa wachunguzi waliona ya kuwa kazi nzito katika joto kali, siku baada ya siku bila maji ya kutosha, ni sababu mojawapo kubwa. Katika mavuno ya 2014 na 2015 jaribio likafanywa. Wakataji walipewa mifuko ya maji ya lita tatu ya kubeba mgongoni, mahema ya kivuli yaliyohamishwa pamoja nao shambani, na nyakati za kupumzika zilizopangwa. Walipewa pia panga la umbo bora na kufundishwa njia nzuri zaidi ya kukata.

Je, kazi ilipungua? Haikupungua. Mkataji aliyekuwa akikata kwa wastani tani 5.1 kwa siku alifikia tani 7.3. Bila shaka panga lile jipya lilisaidia. Hata hivyo ni wazi ya kuwa kupumzika hakukuila kazi, kama watu walivyoogopa. Mwili uliopozwa hufanya kazi kuliko mwili unaokokotwa.

Lakini mapumziko hayo hayawezi kuachwa kwa hiari ya kila mtu. Mtu mmoja akikaa chini peke yake ataitwa mvivu. Wote wakikaa kwa filimbi ya mnyapara, hakuna aibu. Katika jimbo la California, Marekani, ambako kanuni ya kuwalinda wafanyakazi wa nje na joto iliwekwa mwaka 2005, sheria nyingine iliyoanza kutumika mwaka 2016 inaamuru ya kuwa hata anayelipwa kwa kipimo cha kazi alipwe kwa dakika zake za kupumzika. Hilo ni jambo la busara. Mapumziko yasiyolipwa huchukuliwa na aliyeshiba tu.

SHERIA INASEMAJE

Katika Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kulinda usalama na afya ya watu wake, na kuwapa maji safi ya kunywa. Mahali penye wafanyakazi ishirini au zaidi pawe na kamati ya usalama, ambamo wafanyakazi nao wana wajumbe wao. Tena mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, ana wajibu wa kumwarifu msimamizi wake, na mwajiri haruhusiwi kumrudisha mahali hapo mpaka hatari imeondolewa. Joto kali lililomwangusha mtu mmoja ni hatari ya namna hiyo. Kamati isingoje wa pili aanguke.

Wapo pia Wakenya wengi wanaovuka bahari kwenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba, ambako joto la kiangazi hupita lolote walilolijua nyumbani. Yawafaa wajue kanuni za huko kabla ya kuondoka. Katika Oman, kazi za nje chini ya jua hukatazwa tangu saa sita unusu mchana hata saa tisa unusu, mwezi wa Juni, Julai na Agosti. Katika Qatar, kanuni ya mwaka 2021 inakataza kazi hizo tangu saa nne asubuhi hata saa tisa unusu, kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Na wakati wowote kile kipimo cha vipimajoto vitatu kikipita digrii 32.1, kazi isimamishwe. Anayekwenda huko ni mgeni mara mbili, mgeni wa nchi na mgeni wa joto.

Wala jambo hili si la watu wachache. Shirika la Kazi la Ulimwengu lilieleza mwaka 2024 ya kuwa wafanyakazi bilioni 2.41 hukutana na joto la kupita kiasi kazini, na kwamba karibu watu 18,970 hufa kila mwaka kwa sababu yake. Dunia inazidi kupata joto, na hesabu hiyo haitapungua yenyewe.

MTU AKIANGUKA

Dalili za kwanza ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukakamaa na udhaifu. Mtu huyo aache kazi papo hapo, apelekwe kivulini, alegezwe nguo na apewe maji anywe kidogo kidogo. Asiachwe peke yake.

Lakini akianza kuyumba, kusema ovyo, kugombana bila sababu au kuzimia, basi huo ni ugonjwa wa kupigwa na joto wenyewe, na maisha yake yamo hatarini. Joto la ndani ya mwili huwa limepita digrii 40. Watu wasitazame kama anatoka jasho au hatoki, kwa maana wengine hupigwa na joto huku wamelowa. Wala mtu asiseme amelewa mpaka imejulikana hakika.

Hapo kanuni ni moja: poza kwanza, safirisha baadaye. Wakati mmoja anaita daktari au gari, wengine wamvue nguo za juu, wammwagie maji baridi mwili mzima na kumpepea kwa nguvu. Kama kuna pipa kubwa au birika la maji, atiwe ndani mpaka shingoni, akishikwa kichwa. Kama kuna barafu, ifungwe katika nguo na kuwekwa makwapani, shingoni na kwenye nyonga. Asiyekuwa na fahamu asinyweshwe kitu, asije akapaliwa. Kila dakika inayopotea kwa kungoja gari bila kumpoza, ubongo wake unaungua.

Basi methali ya wazee na ibaki kama ilivyo, lakini kila mwenye shamba, mnyapara na kiongozi wa kazi aongeze neno moja. Mgeni apewe jembe, naam. Lakini apewe kwanza maji, aonyeshwe kivuli, na ngwe yake ya siku ya kwanza iwe moja. Siku ya tano atalima tano. Na jioni ya siku hiyo atarudi kwake kwa miguu yake mwenyewe, na mshahara wake mfukoni, kwa watu wanaomngoja.